Mguu wa Mwaitu

Kitabu chetu cha wahudumu wa afya sikiandiki kama barua. Kila sura ina faili lake, picha ziko kwenye folda yao, na nikimaliza naipa kompyuta amri moja: inaunganisha sura, inapanga kurasa, kitabu kinatoka kizima. Mwongozo wa matibabu ukibadilika, narekebisha sura inayohusika na kukitoa upya. Hiyo ndiyo kazi yangu kikundini. Wenzangu wamechoka kunisikia: usiniambie faili liko sawa, fungua kitabu chenyewe uangalie.

Toleo la mwaka huu lilipotoka kwa mpiga chapa, nilibeba katoni mwenyewe hadi ukumbi wa kanisa, Mitaboni. Mama yangu, Mwaitu kama tunavyomwita mama kwa Kikamba, alikuwa ameketi mbele, leso ya sare ya akina mama kiunoni, miguuni viatu vya kufunika na soksi nzito ingawa jua lilikuwa kali. Alikuja kuona kazi ya binti yake. Alikuwa amemwambia hivyo kila aliyeingia mlangoni.

Nilikuwa nawasomea, tumefika sura ya kisukari, wakati Peris, jirani yake, alipokisogeza kitabu karibu na macho.

"Aiya! Hii si leso yetu?"

"Iko wapi?"

"Hapa chini ya huu mguu wa kidonda. Na hii kovu... Mumbua, si ni ile jembe ilikukata tukichimba matuta?"

Vitabu vyote vikafunguliwa ukurasa ule. Mtu akacheka nyuma.

"Mumbua ameingia kwa kitabu! Sasa kukusalimia itabidi tuombe ruhusa."

"Kumbe soksi ni za hiyo?"

Mwaitu hakucheka. Alivuta miguu yake chini ya kiti, polepole, kama mtu anayeficha mzigo.

"Endelea kusoma, mwalimu," akaniambia.

Hajawahi kuniita mwalimu. Niliendelea. Nilichosoma sikijui.

Picha ile niliipiga nimpelekee daktari wa kliniki, na Mwaitu alikubali baada ya kuniapisha: daktari peke yake. Nilipokuwa napanga sura, Linet, mchoraji wetu, alikuwa hajaleta mchoro wa mguu. Nikaiweka picha ya Mwaitu mahali pake kwa muda, nione kama nafasi inatosha. Mchoro ulipokuja nikauhifadhi kwa jina lilelile. Lakini picha ni faili la aina moja na mchoro ni la aina nyingine, kwa hiyo hakuna kilichofuta kingine. Vyote viwili vilikaa foldani. Sura ilisema tu weka mguu hapa, na kompyuta ikachukua aina inayoitafuta kwanza, yaani picha. Mimi nilikuwa nimefungua mchoro wa Linet, nikauona mzuri, nikamwambia mpiga chapa aendelee. Kitabu chenyewe sikufungua.

Jioni nilimfuata Mwaitu nyumbani.

"Mwaitu, ni makosa ya kompyuta."

"Kompyuta ndiyo ilikuja hapa kunipiga picha?"

Nilianza kuokota vikombe mezani.

"Nimekuuliza, Nzilani."

"Ni mimi."

"Peris nimekaa naye tangu niolewe na hakujua. Nilikuonyesha wewe kwa sababu nilikuzaa. Sasa nenda, giza linaingia."

Niliifuta picha foldani, nikakitoa kitabu upya na kukifungua ukurasa baada ya ukurasa mpaka jalada la nyuma. Mguu wa Linet ulikuwa mahali pake, safi, usio wa mtu yeyote. Lakini vile vilivyochapishwa vilikuwa tayari majumbani. Tukachapa mchoro kwenye karatasi za gundi, tukazikata kwa kipimo cha ile picha.

"Mama Mumo, tuma mtu azungushe," Linet aliniambia, akiniita kwa jina la mwanangu. "Utajiaibisha bure."

"Nishajiaibisha. Lete hizo karatasi."

Nilienda boma kwa boma. Wengine walinipa kitabu bila kuniangalia. Wengine waliuliza mguu unaendeleaje, na hao ndio walioniumiza zaidi. Vitabu vingi, nikivishika tu, vilifunguka vyenyewe kwenye ukurasa ule.

"Bandika vizuri isitoke," Peris alisema. "Ingawa mimi nishaona."

Nilimalizia kwa Mwaitu. Alikuwa ameketi barazani, mguu mmoja ndani ya beseni, soksi zimeanikwa ukutani. Alinipa kitabu chake. Nikatoa karatasi.

"Hiki usibandike."

"Mwaitu, nimekuja kwa hiyo."

"Vya watu bandika. Hiki kitakaa mezani. Kila ukija utakifungua hapo kwanza, halafu ndio utanisalimia."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Nikakifungua. Nikautazama mguu wa mama yangu kwenye karatasi, leso, kovu, kidonda, mpaka macho yakashindwa.

"Shikamoo, Mwaitu."

"Marahaba. Sasa niangalizie hapa kisigino. Mimi sifikii."

Nilipiga magoti. Nikakumbuka simu iko mfukoni. Nikaitoa, nikaiweka juu ya ukuta kando ya soksi, mahali anapoiona, ndipo nikashika mguu.