Mama Maharagwe

Funguo za nyumba yake ya Hyattsville, Marekani, zilikuwa tayari kwenye mkoba wa Wamaitha, na hilo ndilo lililomchoma Profesa Nyaguthii. Binti yake huyo alikuwa ameshaamua: mama akishindwa mtihani wa kumbukumbu leo, anahamia kwake Woodbridge, akachungwe kama maziwa yaliyo motoni.

Mpimaji alikuwa Daktari Ajamu, kijana Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni na kukipenda kwa dhati. Tarehe, mji, kutoa saba saba kutoka mia, bibi kizee alivipita vyote mbio. Kisha Ajamu akatabasamu na kuuliza swali alilodhani ni rahisi kuliko yote.

"Mama, una wajukuu wangapi?"

Nyaguthii akageuza uso dirishani.

"Mum, si ujibu tu," Wamaitha alinong'ona. "Ni wajukuu wako, surely!"

Lakini kwa mila za kwao Nyaguthii hata mbuzi hawahesabiwi, sembuse wajukuu. Kuwahesabu ni kuwaitia balaa. Digrii zote zile, na ulimi bado ulikataa. Ajamu akaandika kitu polepole, kwa huruma. Wamaitha akafuta machozi.

Huruma ile ndiyo iliyompandisha Nyaguthii mori. Aliifahamu tangu miaka ya sabini, alipokuwa mwanamke pekee katika idara ya saikolojia huko Nairobi. Wapimaji walikuwa wakiwaonyesha watoto wa vijijini picha ya watoto wenzao na kuwaambia wahesabu. Watoto wakinyamaza, wanaandikwa wazito wa akili. Nyaguthii akawaendea na kikapu cha maharagwe, na watoto wale wale wakayahesabu mpaka mpimaji akapiga miayo. Wenzake wanaume walimcheka, wakambandika jina la Mama Maharagwe. Kicheko kiliwakauka siku mtihani ule ulipotupwa, na uprofesa akapewa yeye.

"Kijana, umeandika nini hapo?"

"Kwamba... hukukumbuka, Mama."

"Futa! Wambura ni mkaidi, amenirithi mimi. Abigail anapiga fidla na samaki hataki hata kumnusa. Kimani alizaliwa theluji imefunga barabara, babake akapotea njia ya hospitali." Akawataja mmoja mmoja hadi kitindamimba, kila mtu na vituko vyake. "Haya, umewasikia wote. Wahesabu wewe, mimi simo."

Wamaitha alianza kucheka huku bado analia, akamweleza daktari mama yake alikuwa nani, pamoja na kisa cha maharagwe. Ajamu akaweka kalamu chini.

"Profesa, swali hili tunawauliza wazee wengi kutoka kwenu."

"Nao hunyamaza?"

"Wengi." Aliona aibu, na hakuificha. "Tafadhali, utakuja kutufundisha?"

Furaha ilimjaa Nyaguthii kifuani, ile ile ya siku ya maharagwe. Alikuwa bado na kazi duniani.

"Nitakuja. Basi linapita karibu na kwangu."

Akamgeukia binti yake, akanyoosha mkono.

"Wamaitha, funguo."

Wamaitha akafungua mkoba.