Boflo za Mgeni Rasmi

Makreti ya boflo yalikuwa yameshapangwa mezani, na hakuna mtoto aliyepewa hata kipande. Dama aliyaleta kwa mkokoteni kutoka duka la mikate la Sugrabai anakofanya kazi, akapita vichochoro vya Mji wa Kale mpaka uwanja wa chekechea ulio nyuma ya Ngome ya Yesu, boflo zingali moto. Sasa zilikuwa zimepoa, na jua limeruka ukuta likawafikia watoto kwenye foleni.

Siku nyingine mambo huwa mepesi. Benki ya chakula, shirika la misaada, huleta unga, Sugrabai hutoa tanuri, kuni na wafanyakazi wake, na watoto hula kabla ya masomo. Wengi huwa hawajatia kitu tumboni tangu mkate wa jana. Tangu bei ya unga ipande, mama zao huwapa chai ya rangi na kuiita chakula cha usiku.

Lakini leo palikuwa na hema, viti vya plastiki na kitambaa kikubwa kilichoandikwa: Pamoja Tuondoe Njaa ya Watoto. Maxwell, kijana wa ofisi ya benki ya chakula, alizungukazunguka na simu sikioni.

"Bwana Maxwell, saa hizi watoto hawa huwa wameshakula," Dama alimwambia.

"Najua, mama. Mgeni rasmi yuko njiani. Ndiye anayetulipia unga. Akifika atagawa mwenyewe, apigwe picha, basi."

"Na tukiwapa nusu nusu?"

"Makreti yakionekana yamepungua itakuwa aibu. Tungoje kidogo."

Maneno hayo Dama aliwahi kuyasikia kwao Ganze, mwaka wa ukame. Lori la mahindi ya msaada lilisimama mbele ya ofisi ya chifu, turubai limefungwa kamba, watu wameketi kulizunguka. Mkubwa fulani alikuwa njiani kuja kulizindua. Dama alimpakata bintiye Mercy, aliyekuwa ameacha kulia tangu asubuhi, akadhani amelala. Mkubwa akafika jioni, akahutubia, watu wakapiga makofi. Dama hakupiga. Mikono yake ilikuwa imebeba maiti.

Tangu hapo Mercy humjia. Hamjii ndotoni, humjia mchana kweupe, popote watoto wanapopanga foleni. Hasemi kitu, haombi kitu. Husimama nyuma ya mtoto wa mwisho, vumbi la Ganze miguuni, akingoja zamu isiyofika.

Leo pia alikuwapo. Mbele yake alisimama Swafia, binti wa mwanamke anayefua nguo za watu. Dama akiwa anawatazama, Swafia akaenda chini taratibu, kama kanga inayoteleza kwenye kamba.

Dama alivuta kreti la kwanza. Maxwell akalishika upande wa pili.

"Mama, utatuharibia sote."

"Toa mkono, mwanangu," Dama akasema kwa sauti ya chini.

Maxwell alimtazama usoni, akaachia.

Dama alichovya boflo kwenye maji, akamlisha Swafia vipande vidogo vidogo mpaka macho yakarudi. Wenzake walikula wima, mkono mmoja umekinga kidevu ili chembe zisianguke.

Mgeni rasmi alifika adhuhuri imeshapita. Akashusha kioo cha gari, akayaona makreti matupu.

"Sasa mimi nitagawa nini?" akauliza, na kioo kikapanda.

Jioni Maxwell alikwenda dukani. Alikaribishwa kiti, hakuketi.

"Bai, ushirikiano umesimamishwa. Mfadhili asema hamfuati utaratibu. Unga hauji tena."

Sugrabai, mjane aliyerithi tanuri lile kwa mumewe, aliendelea kupangusa meza. "Watoto mmewaambia?"

"Hiyo si kazi yangu, Bai."

Alipoondoka, Dama alianza kufungua aproni yake.

"Wafungua nini?" Sugrabai akamuuliza.

"Nimekuharibia, Bai."

"Funga. Kesho twawaokea kwa unga wetu. Utafika wapi, Mungu ajua."

Haukufika mbali. Kesho yake Dama alikata kila boflo vipande vinne, na bado zikaisha foleni haijafika katikati. Akawainulia watoto kreti tupu wajionee.

"Zimekwisha, wanangu. Ingieni darasani."

Hawakulia, wala hawakuondoka. Walisogea mbele kuziba mapengo, kama walivyofunzwa, wakayaelekeza macho barabarani. Swafia akamvuta Dama upindo wa kanga.

"Mama Dama," akauliza kwa adabu, "leo twamngoja nani?"