Asilimia Thelathini na Nane ya Namkunda

Jana mchana, jua likiwa kali, nilijinyoosha kwenye kochi nikaota nimeitwa kuchukua majibu ya usaili.

Usaili wenyewe ulikuwa wa kweli. Wiki tatu zilizopita nilihojiwa kwa simu ya video na maprofesa watatu wa chuo kimoja cha ng'ambo, nilikoomba kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa fedha, yaani hesabu za kukadiria hatari za masoko. Waliniuliza: ukirusha sarafu mpaka upate vichwa viwili mfululizo, kwa wastani utairusha mara ngapi? Mimi, Namkunda Mshana, mwalimu wa hesabu kwa miaka tisa, nikajibu nne. Wakatabasamu, wakaniaga. Tangu hapo kimya.

Sasa nimo katika ukumbi wa chuo hicho, ambao pia ni chumba cha walimu cha shule yetu hapa Dodoma. Nyuma ya meza ya mapokezi imeketi sarafu kubwa kama sinia, imevaa tai.

"Shikamoo," nasema, maana inaonekana ya zamani.

"Marahaba. Jina?"

"Namkunda Mshana. Nataka kujua kama nimepata nafasi."

"Utapata ukipata vichwa viwili mfululizo. Nirushe."

"Mara ngapi?"

Sarafu inafungua faili. "Hapa imeandikwa ulisema nne. Basi ni nne."

"Lakini jibu ni sita! Nililipata mara tu simu ilipokatika."

"Wote hulipata simu ikishakatika. Rusha."

Nainyanyua kwa mikono miwili. Kichwa. Narusha tena: mwenge, upande wake wa pili. Tena: kichwa. Mara ya nne inazunguka sakafuni, inazunguka, halafu inasimama kwa ukingo wake.

"Lala basi!" nasema.

"Ni saa ya chai," inajibu.

Ghafla tuko kantini. Kwenye meza yangu imeketi barua yangu ya mapendekezo, inakunywa chai ya rangi.

"Dada, tuambizane ukweli," inasema. "Mimi uliniandika wewe. Profesa alitia saini tu, tena akiwa amesimama."

"Alikuwa na shughuli nyingi."

"Uliandika kwamba una utulivu wa ajabu."

"Ninao!" nafoka, hadi vikombe vinageuka kunitazama.

Sarafu inarudi, bado imesimama kwa ukingo. "Kwa kuwa sikulala upande wowote, kamati imekukubali kwa asilimia thelathini na saba."

"Yaani huo ndio uwezekano wangu?"

"Hapana. Umekubaliwa kiasi hicho. Mkono wa kushoto, bega lake, mguu wa kushoto na sikio moja."

"Na mimi niliyebaki?"

"Una kipindi Jumatatu. Kidato cha Pili."

"Miaka miwili naamka alfajiri kusoma kabla ya kwenda kazini," nasema, "leo mnanichukua mkono?"

"Shukuru. Kuna tuliyemchukua kope."

Hapo hasira inanipanda. Natoa chaki mfukoni na kuanza kuandika juu ya meza ile ile ya chai, nikieleza kwa sauti kama niko darasani: ukianza na mwenge, umepoteza mrusho mmoja, unarudi mwanzo. Ukianza na kichwa kisha mwenge, umepoteza miwili, unarudi mwanzo. Ukipata kichwa na kichwa, umemaliza. Najumlisha, nahamisha, nagawanya. Sita. Napigia mstari mara mbili, chaki inakatika.

Sarafu inasoma taratibu. "Ni sahihi. Hatua zote zipo."

"Kwa hiyo?"

"Hatua zina alama. Nakuongezea asilimia moja."

"Inanipatia nini?"

Inachungulia faili. "Saa yako ya mkononi. Nayo imekubaliwa."

Mlango unafunguka, nje kuna theluji. Mkono wangu wa kushoto unachomoka, unanipungia, unatangulia darasani na saa yake.

"Dada! Dada Namkunda, amka, chai inapoa." Ni mdogo wangu, Naetwe, ninayeishi naye. Alinishika mkono wa kushoto kunivuta, akauachia kama aliyeshtuliwa na umeme. "Mh! Mbona wa baridi hivi?"

Shingo na mgongo vilikuwa vimelowa jasho. Nikafungua simu: hakuna barua pepe. Saa ya ukutani ilisema saa tisa alasiri. Ya mkononi ilisema saa moja kamili, na mshale wa sekunde ulikuwa unatembea bila wasiwasi wowote.

"Betri hiyo," alisema Naetwe.

"Siyo betri." Nilihesabu kwa vidole vya mkono wa kulia. "Huko kwao ndiyo kwanza kumekucha."

"Kwao wapi?"

"Lete hiyo chai, Naetwe. Ofisi zao zinafunguliwa saa mbili."