Maji ya Kusuuzia Mkaa

"Rudia kwa mkaa ule ule," nilimwambia mdogo wangu mbele ya mgeni, kwa sauti ninayomwitia mwanafunzi ubaoni.

Tulikuwa karakanani kwake. Ndani ya chupa, mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, yaliyochemshwa na spiriti, yalikuwa yamejitenga: juu dizeli ya rangi ya asali, chini gliserini nzito. Kilichochochea kazi hiyo ni chenga nyeusi za mkaa wa maganda ya karanga, ambayo mdogo wangu aliyachoma katika debe lililozibwa, akayaloweka kwenye asidi, akayasuuza na kuyakausha. Mgeni, mwenye malori, alikuwa tayari anauliza habari za magunia ya mkaa huo.

"Dada, maganda yamejaa uani," mdogo wangu alicheka. "Kwani huu ni majani ya chai, tuuchemshe mara mbili?"

"Kichocheo cha kweli hutoka kama kilivyoingia. Nilikufundisha mimi."

"Haya, mwalimu kasema!" Mwenye malori akavuta kiti. "Nami ngoja nione."

Nilijua kitakachotokea. Jana yake, wakati mdogo wangu na mkewe wakifagia karakana kumpokea mgeni, nilichovya karatasi ya litmasi, ya kupimia asidi, katika maji ya mwisho ya kusuuzia. Ikageuka nyekundu. Asidi haikuwa imeshikamana na mkaa. Ilikuwa ikivuja, na ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi yote; mara ya pili isingekuwamo. Ingeingia kwenye injini za watu na kuzitafuna. Niliikunja karatasi nikaitia mfukoni. Chuoni tulifunzwa kwamba kosa analoligundua mwanafunzi mwenyewe halirudii tena, nami nikaona nimwachie heshima hiyo.

Kufika alasiri mafuta yalikuwa yametulia chini na spiriti juu, kama majirani waliokosana. Mdogo wangu alitikisa chupa. Akatikisa tena. Wifi yangu, aliyekuwa ameleta trei ya vikombe, aligeuka nayo bila kuitua. Mwenye malori alishukuru kwa adabu nyingi mno, tukajua harudi.

Tulipobaki mimi na mdogo wangu tukiosha vyombo, nilidhani ni wema kumweleza: aloweke kwenye asidi ya moto kutwa nzima ili ishike, ndipo asuuze kwa maji moto, arudie na kurudia, hadi karatasi isibadilike rangi. Nikamwonyesha ile yangu. Aliigusa kwa kidole, ilikuwa kavu.

"Umepima lini?"

"Jana."

Alifunga bomba. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Ungeniambia jana, dada, tukiwa sisi wawili tu, ingekuwa si kweli?"

Siku hizi yeye hutengeneza baiskeli. Wanafunzi wangu huuloweka na kuusuuza mkaa kama nilivyomweleza, nao hufanya kazi mara ya sita kama ya kwanza. Wageni wa chuo ninakofundisha husimama kuustaajabia, na mimi huwaeleza, hatua kwa hatua, bila kutaja ulikoanzia.

Mwaka jana nilimpelekea kopo moja la mkaa huo. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka chini bila kulifungua, akaniuliza kama nimekula.