Kichwa cha Raba Laini

Santuri ilikuwa moja tu, na mshonaji hakuwahi kuisikia hata mara moja. Ndani yake alikuwa akiimba marehemu mumewe. Aliirekodi akiwa na miaka ishirini na mbili, kabla hawajajuana, yeye na wenzake wanne waliotoa nyimbo mbili kisha kila mtu akashika njia yake. Yeye akawa mpiga chapa, akaoa, nakala yake ikapotea katika kuhamahama. Kwa miaka yote ya ndoa aliutaja wimbo ule kama mtu anavyolitaja jino lililong'oka.

Kisha, miezi minane kabla hajafa, nakala moja ikapatikana. Aliyeipata ni Sikio.

Sikio alikuwa fundi wa redio na mashine za santuri, mwanamke wa makamo mwenye duka dogo kati ya muuza rangi na kinyozi. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu alikuwa akiweka redio mbovu mbele yake, anainamisha kichwa, na kabla hajashika bisibisi anakwambia kilichokufa ndani. Tangu mpiga chapa astaafu, kila Jumamosi ilimkuta huko. Alirudi nyumbani ananuka risasi ya kulehemia, na mdomoni ni Sikio kasema hivi, Sikio kasema vile. Mshonaji alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili asisikie.

Siku santuri ilipopatikana, alimwuliza mumewe, "Mmeisikiliza?"

"Mara moja tu."

Alijibu upesi mno. Mshonaji akajua ni zaidi ya mara moja.

"Na mimi mke wako nitaisikia lini?"

"Utaisikia hapa hapa, kwenye mashine yetu, ikitengemaa. Sitaki uusikie wimbo wangu umesimama katikati ya makopo ya rangi."

Mashine yao ilikuwa na mkono wa ajabu kidogo. Mikono ya mashine nyingi za santuri imefungwa pembeni na huzunguka kama mlango kwenye bawaba. Wa kwao ulikuwa mfupi, mwepesi, na ulitembea moja kwa moja juu ya reli, ukivutwa na uzi mwembamba na kimota kidogo, kama zipu inavyofungwa. Kilichokuwa kimekufa ni kichwa, yaani kile kidude cha mbele kinachobeba sindano. Mpiga chapa na Sikio walitafuta kichwa kinachoelewana na mkono wa namna ile kwa miezi. Kikapatikana, na wiki hiyohiyo mpiga chapa akalazwa. Hakurudi.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi, mshonaji alifungua kopo ambalo mumewe aliwekea vifaa vyake. Akakuta vichwa viwili. Kimoja kilikuwa cha plastiki nyeusi, chepesi kama punje ya mchele, kimeviringishiwa karatasi: *Hiki ndicho cha mkono wa reli. Raba laini. Usidanganywe na uzuri wa kile kingine.* Mwandiko ulikuwa wa mviringo, wa mtu asiye na haraka. Aliutambua, maana ndio uliokuwa juu ya bahasha ya rambirambi ya Sikio.

Cha pili kilikuwa cha chuma, kizito, kinang'aa rangi ya dhahabu. Kilikuwa kimefungwa kwenye kipande cha mahameli ya bluu. Na kitambaa hicho pia alikitambua: mabaki ya gauni lake mwenyewe. Alikumbuka mumewe akimwomba kipande, wala hakusema cha nini.

Akakaa na vichwa viwili mapajani, na roho ikaanza kumchoma. Kimoja amekichagua yule, na amekiandikia amri kana kwamba nyumba hii ni yake. Kingine mume wangu amekivika nguo yangu. Hapo hakuona haja ya kumwuliza mtu kipi afunge.

Binti yake alikuja Jumapili akamkuta na bisibisi ndogo ya miwani.

"Mama, si umwite tu Sikio? Kwake ni kazi ya dakika kumi."

"Aje akae kwenye kiti cha baba yako?"

"Viti viko vinne, mama."

"Vyote vya baba yako."

Binti akacheka, kisha akaona mama hacheki. "Basi angalau soma hiyo karatasi."

"Nimeisoma. Nami nina macho na mikono. Miaka thelathini natunga uzi kwenye tundu la sindano, leo nishindwe na sindano isiyo hata na tundu?"

Binti alipoondoka, akakifunga kile cha dhahabu. Nyaya nne, rangi nne, akazivisha moja moja kwa kibanio cha nyusi. Lakini mkono ukazama mbele kama mtu anayesinzia. Nyuma yake palikuwa na kipande cha kusawazisha uzito. Akakisukuma hadi mwisho wake, bado unazama. Mshonaji akafikiri kidogo, akachukua bobini ya chuma kutoka droo ya cherehani, akaibandika nyuma kwa utepe. Mkono ukanyooka, ukatulia sawasawa. Akajisifu moyoni. Wamesema kazi hii inataka sikio. Kumbe inataka mikono.

Akaiweka santuri. Akabonyeza kitufe.

Sindano ilishuka kwenye ukingo. Kukawa na mchakacho, kisha sauti ya kijana, peke yake, bila ala yoyote: "Nime..."

Hapo hapo mkono ukaanza kutetemeka. Kimota kikalia kwa uchungu. Uzi ulikuwa unavuta mzigo usio wake, mkono ukabaki nyuma kwenye reli huku mfereji wa santuri unakwenda mbele. Sindano ikapindishwa ubavu, uzi ukafyatuka, na mkono wote ukaruka ukipiga kelele kama kitambaa kinachochanwa.

Aliunyanyua kwa mikono miwili. Kwenye ukingo wa santuri palikuwa na mkwaruzo mweupe, urefu wa kucha. Hakulia. Alikaa tu akiushika mdomo wake, kama ni yeye aliyekatizwa neno.

Siku mbili hakushona kitu. Siku ya tatu akapiga moyo konde, akaenda dukani.

"Karibu, wifi," alisema Sikio, akiinuka.

"Wifi wa wapi? Mume wangu hakuwa na dada."

"Alinikubalia nimwite kaka. Lakini si lazima." Sikio akafuta benchi kwa kiganja. "Kaa basi, hata kama si wifi."

Mshonaji hakukaa. Alikuwa anaitazama benchi ile. "Mlikuwa mnakaa wapi mkisikiliza?"

"Hapo."

"Wote wawili?"

"Benchi ni moja, mama. Wote wawili."

Mshonaji akaweka santuri mezani, akasimulia yote: kichwa cha dhahabu, mkono uliozama, utepe.

"Bobini?" Sikio alishindwa kujizuia, kicheko kikamtoka puani. "Umeufungia mkono wa reli bobini ya cherehani! Pole. Pole jamani, sicheki msiba. Ila kaka angekuwepo angelala chini."

"Ungekuwa unamjua hivyo, usingeandika karatasi kama askari."

Kicheko kikakatika. Sikio akachukua santuri, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole juu yake bila kuigusa. "Sikiliza. Ndani ya kichwa kuna kiraba kinachoshika sindano. Kikiwa kigumu, kinataka mkono mzito wa kukikalia kitulie. Mkono wako ni mwepesi. Raba ngumu ikiwekwa pale, sindano haichezi, unacheza mkono. Halafu wewe ukaongeza mzigo nyuma, na uzi wa reli haukuumbwa kuvuta mzigo. Kile cha dhahabu alikinunua mwenyewe kwa kupenda kung'aa kwake. Nilimwambia hakitafaa kwenu, akanuna siku nzima. Ikabidi tukifunge kwenye mashine yangu, ina mkono mrefu, mzito. Ndicho tulichosikilizia."

Mshonaji akashika ukingo wa meza. Mahameli yake ya bluu. Alikuwa amekumbatia kitu chao, akakiita chake.

"Mara ngapi?" akauliza.

Sikio angeweza kusema uongo, na alionekana kuufikiria. "Kila Jumamosi."

Walikwenda pamoja nyumbani kwa mshonaji. Sikio alivua viatu mlangoni, akakaa sakafuni mbele ya mashine, akafunga uzi upya, akatoa bobini akamrudishia mwenyewe kwa adabu, bila utani. Akakifunga kichwa cheusi. Akapima uzito kwa mizani ndogo kama ya sonara, akajaribisha kwanza na santuri mbovu aliyokuja nayo. Mkono ukateleza juu ya reli kimya, kama si kitu. Mshonaji alitazama mikono ile ikifanya kazi, akaona ni mikono mizuri, na hilo nalo likamuuma.

"Sasa yako," alisema Sikio.

Mchakacho ukaja. Kisha krrr, krrr, krrr, mahali pa mkwaruzo. Kisha, ghafla, mumewe: "...niache mlangoni nijifunze kungoja." Gitaa likaingia, na wenzake, lakini mshonaji alikuwa na sauti moja tu chumbani. Ilikuwa nyembamba kuliko aliyoijua, yenye kiburi kidogo, sauti ya mtu ambaye bado hajakutana naye. Alisimama hadi mwisho.

"Pale mwanzo," akasema, bila kumtazama mgeni wake. "Anasemaje?"

Sikio akafungua mdomo, akaanza kuimba.

"Usiimbe. Sema tu."

"*Nimekuja na mvua, usinifungulie haraka.*"

Mshonaji aliyarudia maneno hayo taratibu, kama anayepima kitambaa cha mtu mwingine. Ilimchoma kwamba ameyapokea kutoka kinywa hicho, na alijua yataendelea kumchoma kila atakapouweka wimbo. Akarudia tena. Halafu akaurudisha mkono mwanzo wa reli kwa kidole chake mwenyewe, akasubiri, na mkwaruzo ulipoanza kulia akayasema juu yake, kwa sauti.

Mumewe aliingia kabla hajamaliza.

"Umechelewa kidogo," alisema Sikio kutoka sakafuni. "Yeye alikuwa hangoji mchakacho uishe."

"Basi nionyeshe alipoanzia," alisema mshonaji. "Rudisha."