Wakimbizi wa Tumbo la Papa Mathe

«Kavuo! Rudisha batu yangu!»

Papa Mathe alikuwa amesimama juu ya kreti tupu ya bia ili kichwa chake kivuke ukuta. Kwa kuwa vipande vya chupa vilivyo juu ya ukuta ule alivipanda mwenyewe, alilazimika kugomba huku amekunja shingo, kama jogoo anayechungulia kutoka kikapuni. Ilikuwa saa kumi za jioni, Bungulu, mjini Beni, mwaka ule wa 2002 ambapo watu walikuwa wakiingia mjini kila siku kwa njia ya Mambasa na vyombo vyao kichwani.

Upande wa pili, Kavuo hakuinua hata macho. Alikuwa akikanda ndizi mbivu na majani ndani ya mtumbwi wa mbao, maana kasiksi, pombe ya ndizi, haingoji ugomvi uishe. Alikuwa mjane, na nyumba yake ya vyumba vitatu ilikuwa na watu ishirini na watatu, kati yao wawili tu aliowazaa yeye. Wengine walikuja na vita, na Kavuo alipoulizwa atawaweka wapi, alijibu kwamba ukuta wa nyumba ni wa udongo, si wa chuma, utajinyoosha.

«Batu gani, Papa Mathe? Humu muko batu mingi. Taja jina.»

«Usijifanye! Bale ba mu tumbo yangu. Bamepita hapa, nimeona mustari.»

«Ah, bale! Ungesema. Sasa unaniita mwizi juu ya nini? Balikuya na miguu yao. Balikuwa na magodoro ku kichwa.»

Na ilikuwa kweli. Jumapili iliyopita, Papa Mathe akiwa amelala usingizi wa mchana, watu wa tumboni mwake walitoka mdomoni mmoja mmoja, wakashuka kwa ndevu, wakavuka ua na kupenya chini ya ukuta kwa mfereji wa maji ya mvua. Kila mmoja alikuwa na ukubwa wa punje ya ulezi. Walibeba magodoro, sufuria, wazee wao mgongoni, na kuku ambao hawakuonekana ila walisikika. Kavuo alipowaona kwanza alidhani ni siafu, lakini siafu hawabebi magodoro. Akasogeza mguu wapite, kama ambavyo kila mtu mjini alikuwa amezoea kusogea miaka ile. Wakaingia katika beseni la mihogo iliyokuwa ikichacha kwa siku ya tatu, wakatandika, na kabla jua halijazama walikuwa wamekwisha kuwasha moto.

Mtaa mzima ulijua sababu. Papa Mathe, mwuza tilapia wa Kyavinyonge, aliogopa magonjwa ya wakimbizi kuliko alivyoogopa bunduki. Wakimbizi wa kwanza walipofika, alipandisha ukuta, akafunga lango kwa kufuli la Kichina, akawa anakula peke yake na mlango umefungwa. Sokoni alinunua vidonge vya rangi mbili, vile vyekundu na vyeusi vya kuua vijidudu, vinavyouzwa kimoja kimoja katika kisahani karibu na vitunguu, akawa anameza kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, mwaka mzima, bila kuumwa hata jino. Wengine wanakunywa chai. Yeye alikunywa rangi mbili. Mkewe Kanyere alikuwa Kyavinyonge akinunua samaki ufukweni mwa ziwa, na wanawake wa kisimani walisema hakuwa na haraka ya kurudi kulala na mtu anayenuka duka la dawa. Mimi sikuwapo, ila waliosema walikuwa wengi.

Ugomvi ulipofika siku ya tatu, Papa Mathe alimwita mkuu wa mtaa, chef wa quartier, Bwana Eliezer, mtu wa haki na daftari. Eliezer alipiga magoti mbele ya beseni, akatazama kwa muda, akawaandika kama wakimbizi wengine: «Badéplacés ba tumboni. Mingi.» Kwa sababu ya udogo wao akawapa jeton moja ya mgao wa chakula kwa wote. Kisha akasimama na kutoa hukumu.

«Papa Mathe, sheria iko wazi. Déplacé habamurudishake na nguvu. Anarudia kwake wakati anapenda, kama kule kwake kuko amani.»

«Lakini kule kwao njo mimi!»

«Njo vile. Tengeneza amani.»

Akapewa kikombe cha kasiksi, akanywa, akaenda zake.

Jioni hiyo Kavuo aliinamia beseni ili aongeze maji, na mkubwa wa wale watu akapanda ukingoni. Jina lake lilikuwa Muyisa. Alivaa kofia, na sauti yake ilikuwa kama ya mbu aliyesoma seminari. Alizungumza Kinande cha zamani, kile cha mabibi, na Kavuo alilazimika kumwomba arudie maneno mawili matatu.

Muyisa alieleza kwamba wao si wapangaji. Walikaa kwa Mathe tangu siku aliyozaliwa. Mama yake ndiye aliyewakabidhi kwake, wengine alipokuwa akimzaa, wengine kwa maziwa. Kazi yao ilikuwa barrière, kizuizi cha njiani. Chakula walikipasua na kukipitisha. Mwizi walimrudisha alikotoka, na mara nyingi hakupata hata pa kukalia, maana viti vyote vilikuwa na wenyewe. Tena waliwafundisha askari wa damu kumjua adui na kumjua mgeni, kwa sababu askari asiye na mwalimu hupiga chochote kinachotikisika. Miaka hamsini na minne walisimama pale, na hawakumnyang'anya mpita njia hata kuku mmoja.

«Hata kuku moja?» Kavuo akauliza.

«Hata moja.»

Kavuo akacheka mpaka akaketi chini. Mwisho wa barabara ya Bungulu kulikuwa na barrière nyingine, kamba iliyofungwa kwenye mapipa mawili, na askari wa wakati ule; nasema wa wakati ule kwa sababu kila mwaka ulikuja na askari wake. Hao walimpitisha mwizi kwa saluti na kumvua mkimbizi sufuria.

«Na mutarudia lini?» akauliza, akipangusa machozi.

Muyisa akavua kofia. Wangerudi, alisema, siku mvua ile ya rangi mbili ingekoma; siku chakula chao kingeshuka, maharagi, sombe ya majani ya mihogo, ndizi za makemba, mihogo iliyochacha, si mkate mweupe na biskuti; na siku nyumba ingetembelewa. Wengi wao walikufa, na tumbo linalokula peke yake halipati wa kuziba nafasi. Wao hawakai katika nyumba isiyobishwa hodi.

Kavuo alipeleka ujumbe juu ya ukuta, bila kupunguza neno, akaongeza la kwake:

«Kuya ukule hapa kwangu, Papa. Leo kuko sombe.»

«Mimi? Sahani moja na batu ba ku njia?»

«Sahani iko moja, lakini iko mukubwa.»

Papa Mathe akashuka kwenye kreti, akaenda kumeza kidonge.

Wiki iliyofuata askari wa damu yake, waliobaki bila mwalimu, walianza kufyatua ovyo. Alikula yai, akatoka vipele mgongo mzima. Alikunywa maziwa, akakohoa mpaka jua likatua. Kila mafua yaliyopita barabarani yaliingia kwake bila hodi. Akakonda, suruali akaifunga kwa kamba ya katani. Hata hivyo alivumilia yote hadi Ijumaa, kikapu cha tilapia kilipofika kutoka Kyavinyonge, kikiwa kimepungua samaki wanne kama kawaida, wale wanaochukuliwa na askari wa barrière. Papa Mathe alifunua majani ya ndizi, akavuta harufu ya samaki waliomlisha na kumsomeshea watoto kwa miaka thelathini, na uso wake ukavimba kama andazi kwenye mafuta. Macho yakafumba. Pumzi ikaanza kupiga filimbi.

Lango lilikuwa na kufuli. Vijana wa Kavuo walipanda ukuta juu ya vipande vya chupa, wakalivunja kwa jiwe, wakamlaza mzee juu ya chukudu yao, baiskeli ya mbao ya kubebea makaa, wakamsukuma mbio kuteremka hadi kwa mwuguzi Ananie. Kavuo alikimbia nyuma akiwa ameshika viatu vya mzee, maana mtu hafi bila viatu.

Ananie alimchoma sindano na filimbi ikanyamaza. Kisha akaweka sikio tumboni pake, akasikiliza kwa muda mrefu, akabisha hodi kwa kidole. Hakuna aliyeitika.

«Nyumba iko mutupu,» akasema. «Papa, ile rangi mbili ni dawa muzuri. Njo iliokoa mutoto yangu wakati pneumonie ilimukamata. Lakini dawa ile ni sawa polisi: unamuita wakati mwizi ameingia. Wewe ulimupatia chumba na kitanda. Akafukuza bibi, akafukuza batoto, akabaki anakula peke yake.»

«Na samaki yangu?» Papa Mathe akauliza. Hilo ndilo lililomwuma. Mwuza tilapia asiyeweza kukaribia tilapia hana kazi, na asiye na kazi angeuza ukuta wenyewe.

«Samaki, usiguse kwanza, mpaka mi niseme. Na kama bale hawarudi, siku ingine chukudu itafika na viatu tupu.»

Kesho yake, saa sita za mchana, Papa Mathe alisimama kwenye mlango wa Kavuo amevaa koti la kanisani. Hakuna aliyemshangaa. Alisogezewa kibao, akapewa maji ya kunawa katika beseni ambalo mikono kumi na minne ilikuwa imekwisha kunawa. Aliyatazama. Akanawa. Katikati kulikuwa na sahani kubwa ya bati, bugali kama kilima, sombe, maharagi. Mkono wake ukabaki hewani.

Mbele yake aliketi Abigaïl, mwanamke mzee aliyekuja kwa miguu kutoka Kamango akiwa na chungu kimoja tu.

«Papa, mukono yako inaogopa nini?» akasema. «Sahani haina meno. Meno iko nayo mimi, na imebaki matatu.»

Watu wakacheka, na Papa Mathe naye, bila kupenda. Abigaïl akamega tonge, akalichovya kwenye maharagi, akalinyoosha ng'ambo ya sahani mpaka mdomoni mwake, kama anavyolishwa bwana harusi. Papa Mathe akalitafuna. Akasema, «Wasingya,» asante ya Kinande. Halafu akakaa mpaka sahani ikang'aa.

Alikuja siku iliyofuata, na iliyofuata. Vidonge vilivyobaki alivipeleka kwa Ananie ndani ya bahasha. Siku ya tisa alileta maharagi yake mwenyewe, na Kavuo akamwambia maharagi hayo yana mawe, na ugomvi huo ulikuwa mtamu kuliko ule wa kwanza.

Siku ya kumi na saba, saa kumi za jioni, watu wa tumboni waliaga. Muyisa alikuwa mbele na kofia yake. Walipita chini ya ukuta na magodoro yao, wakavuka ua, wakapanda kwa ndevu za Papa Mathe, aliyekuwa amejilaza makusudi juu ya mkeka na mdomo wazi. Haikuwa hesabu ileile. Wengine walikuwa wameoa kwa watu wa matumbo ya nyumba ile, wakarudi na wake na mashemeji; wa tumbo la Abigaïl walikuja na ngoma. Wachache walibaki kwenye beseni, wakisema hawatapata mihogo kama ile popote, na Kavuo aliisikia sifa hiyo akajifanya hakuisikia.

Jumapili kanisani, wakati wa kimya, tumbo la Papa Mathe liliimba sauti ya pili, kwa utulivu, bila kukosea. Waliokaa karibu walimsogelea ili wafuate. Baada ya mwezi mmoja Ananie alisikiliza tena, akampa kipande kidogo cha tilapia pale pale mbele yake, chumbani mwa sindano, na wakangoja pamoja nusu saa. Askari wa damu walimtazama samaki, wakaulizana, wakapewa jibu, wakampigia saluti. Kanyere alirudi wiki hiyo hiyo kutoka Kyavinyonge, na wanawake wa kisimani walikosa la kusema kwa karibu siku mbili.

Rangi mbili iliendelea kuuzwa kimoja kimoja karibu na vitunguu. Kamba ya barrière ilibaki kwenye mapipa yake, na vikapu viliendelea kufika vimepungua samaki wanne. Kavuo alimwuliza Muyisa siku moja, kupitia sikio la Papa Mathe, kama hawezi kwenda kuwafundisha askari wale. Muyisa alijibu kwamba yeye anajua kazi ya tumbo moja moja, na wale walikuwa wengi.

Mwezi wa kumi na mbili, Kavuo akiwa anakanda ndizi zake, alisikia nyayo barabarani. Walikuwa watu saba na mtoto mgongoni, wenye vumbi hadi kwenye nyusi. Mwanamke aliyetangulia alishika kifuniko cha sufuria. Sufuria yenyewe ilibaki kwenye kamba.

Kavuo alianza kufuta mikono ili awaite, lakini akasikia lango la jirani likifunguka. Halikuwa na kufuli tangu siku ile ya jiwe. Akapanda juu ya kreti, ile ile, ambayo sasa ilikuwa upande wake, akachungulia.

Papa Mathe alikuwa amesimama njiani na jagi la maji. Zamani angewauliza wametoka wapi na wana ugonjwa gani.

«Mulishakula?» akauliza.

Mwanamke akatikisa kichwa.

«Basi mwingie. Munawe mikono. Kifuniko ulete na yenyewe, tutaifunikia sombe.» Kisha, bila kugeuka kutazama ukuta: «Na wewe, Kavuo, shuka ku ile kreti, kuya tukule.»