Mwalimu Aliyetarajiwa Kuiba

Mwalimu alikuwa na miaka sabini na moja, mjane, amefundisha hesabu miaka thelathini na sita, na goti lake la kushoto halikunjiki. Asubuhi moja watu wawili walimbishia hodi: koplo wa kituo cha polisi cha jirani, na mwanamke wa ofisi ya ustawi wa jamii aliyekumbatia faili.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Koplo bila kumtazama usoni. "Tumekuja kukuzuia."

"Marahaba. Kunizuia nini?"

"Kuiba."

Aliwakaribisha ndani, maana mgeni ni mgeni. Dada wa Ustawi akaeleza kwa upole. Kituo kimeletewa kompyuta inayobashiri nani atatenda kosa kabla hajalitenda, ili polisi wamuwahi na ustawi wamsaidie. Mwalimu amepata asilimia themanini na saba: wizi, ndani ya siku thelathini.

"Siku za mwizi ni arobaini," alisema Mwalimu. "Mimi nimepunguziwa kumi, na bado sijaiba."

Akataka kuona hesabu ilivyofanywa. Koplo alisema hilo hata mkuu wa kituo halijui. Dada akapekua faili: jina la Mwalimu limeandikwa kwenye kitabu cha kituo mara kumi na moja mwaka huu.

"Nilikuja kushtaki. Naibiwa kuku."

"Mashine haitofautishi aliyeiba na aliyeibiwa," alisema Koplo. "Inahesabu jina."

Wakawa wanakuja kila siku. Koplo alikaa karibu na mlango, kofia gotini, akiangalia mikono ya Mwalimu. Dada aliuliza maswali ya fomu: una hasira? Unalala vizuri? Una marafiki wabaya?

"Ninao nyinyi wawili," alijibu Mwalimu. Dada akaandika: wawili.

Wiki moja ilipopita, alama ilikuwa tisini na moja. Wiki ya pili, tisini na sita. Mwalimu akachukua daftari, akachora jedwali, akamwita Koplo mezani kama mwanafunzi aliyefeli.

"Kila ukija hapa, unaandika kituoni kwamba polisi wamefika kwangu. Kila ukiandika, alama inapanda. Mwanangu, unanizuia huku unanisukuma."

Koplo alizifuata namba za jedwali kwa kidole. "Nisipokuja, wataandika nimetoroka kazi," alisema.

Mwanzoni Mwalimu alikuwa akicheka. Lakini jirani aliyeishi naye miaka ishirini akaanza kuanua nguo kila akimwona anapita. Kisha binti yake akapiga simu kutoka mbali. "Mama, kama kuna kitu unakitamani, si ungetuambia tu tukununulie?" Siku hiyo Mwalimu hakula.

Siku ya ishirini na tisa aliinuka, akachukua kofia ya Koplo, akaitia kabatini na kufunga kwa ufunguo.

"Nimeiba. Andika."

"Mwalimu, usinitanie."

"Andika tu, kaka," alisema Dada wa Ustawi kwa sauti ya uchovu. "Tupumzike sote."

Koplo akaandika. Kituoni mkuu alifurahi mno, kwa sababu mashine imesema kweli. Na kwa kuwa kilichobashiriwa kilikwishatokea, alama ya Mwalimu ikashuka hadi tatu. Alipewa onyo, halafu cheti cha kujirekebisha. Kofia ikawa kielelezo cha kesi, isirudishwe; Koplo akafyeka nyasi za kituo siku nne kwa kosa la kuwa kichwa wazi kazini.

Wiki moja baadaye Dada alibisha tena, peke yake, na faili jipya jembamba.

"Nimekuja kukuomba unisindikize, Mwalimu. Nyumba ya tatu kutoka hapa. Sijui nianzeje kuzungumza na mama mtu."

"Mtuhumiwa ni nani?"

"Ana miezi minane. Wameandika uzururaji."

Mwalimu alilisoma faili lote akiwa amesimama. Kisha akauliza kama mtoto ameshaanza kutambaa.

"Juzi," alisema Dada.

Mwalimu akaenda kutafuta viatu vyake.